Masanduku Yaliyohesabiwa, Masikio Yaliyosahauliwa: Uhakiki wa Leseni ya Redio Ukitazamwa Kutoka Pwani ya Cabo Delgado

Utangulizi

Mwanafunzi anayetaka kujua ni watu wangapi walisikiliza redio katika upande wetu huu wa Afrika kabla ya uhuru hupewa jibu la haraka: tazama idadi ya leseni. Chombo cha kupokelea matangazo kilisajiliwa, mwenye chombo alilipia, karani aliandika katika daftari, na jumla yake ikaingia katika taarifa ya serikali. Takwimu za namna hiyo zilichukuliwa na mashirika ya kimataifa, zikachukuliwa na waandishi wa historia ya mawasiliano, na hadi leo tunazinukuu katika kazi zetu za darasani kana kwamba ni hesabu ya wasikilizaji.

Insha hii inapinga usomaji huo. Hoja yangu ni kwamba leseni ilihesabu masanduku na wenye masanduku; haikuhesabu masikio. Anayeitumia leseni kupima usikilizaji anarithi, bila ya kujua, mtazamo wa serikali iliyoitoa kuhusu nani ni msikilizaji na nani si msikilizaji. Mfano wangu ni pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, yaani Mocímboa da Praia, Palma na vijiji vinavyofuata mpaka mdomo wa mto Ruvuma. Hapa karatasi na sauti zilitoka pande mbili tofauti: karatasi zilitoka kusini kwa Kireno, sauti zikatoka kaskazini kwa Kiswahili. Mwishoni nitaonyesha kwamba kosa hili la kuhesabu halikuishia kwenye redio. Linaendelea kufanyika dhidi ya Kiswahili chenyewe nchini Msumbiji.

Leseni kama matini

Tumezoea kuhakiki shairi, riwaya na tamthilia. Waraka wa serikali nao ni matini: una anayesema, una anayeambiwa, na una watu ambao hauwataji kabisa. Maswali tunayoliuliza shairi tunaweza kuiuliza leseni.

Swali la kwanza ni nani anasema. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1904 ndiyo iliyoweka msingi kwamba mtu asitumie chombo cha mawasiliano yasiyo na waya bila ya leseni ya mkuu wa posta. Wakati huo hakukuwa na matangazo ya redio. Kulikuwa na mitambo ya kupelekeana ishara baina ya meli na bandari, ile ambayo Waswahili walikuja kuiita simu ya upepo. Kwa hiyo dola ilidai umiliki wa hewa kabla hewa haijabeba wimbo hata mmoja wala habari hata moja ya kumhusu mtu wa kawaida. BBC ilipoanza mwaka 1922, dai lile la zamani likageuzwa kuwa ada: mwenye redio alipe shilingi 10 kwa mwaka. Msemaji wa leseni, basi, hakuwa mtangazaji anayeuza bidhaa yake. Alikuwa dola inayokodisha upepo. Makoloni ya Waingereza yalirithi fikra hiyo, na Ureno ya Salazar nayo ikaweka masharti na ada juu ya vyombo vya kupokelea kwa amri za mwaka 1933.

Swali la pili ni nani anaambiwa. Ili upewe leseni sharti uwe na jina la kuandikwa, makazi yanayojulikana na fedha mkononi. Katika makoloni ya Ureno, hadi mwaka 1961, sheria iliwagawa watu mafungu mawili: raia, na wale walioitwa indígena, ambao hawakuwa na haki za raia. Wakazi wengi mno wa Cabo Delgado waliwekwa katika fungu la pili, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 wengi wao walilazimishwa kulima pamba kwa bei waliyopangiwa na wengine. Si lazima serikali iandike popote kwamba mkulima wa namna hii haruhusiwi kumiliki redio. Inatosha kwamba leseni iliandikwa kwa ajili ya mtu asiyefanana naye.

Vituo vyenyewe vilisema hivyo hivyo. Nairobi ilianza kutangaza mwaka 1928 kwa ajili ya walowezi, kwa Kiingereza. Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, ilianza mwaka 1933 kupitia chama cha wapenzi wa redio, Grémio dos Radiófilos, kilichokuja kuwa Rádio Clube de Moçambique. Jina hilo la klabu si pambo. Klabu ina wanachama, na wanachama hulipa. Redio hiyo ilipopanuka, sehemu kubwa ya mapato yake ilitokana na matangazo ya biashara kwa Kiingereza yaliyolengwa Afrika Kusini. Mmwani wa Palma hakuwemo katika hesabu ya klabu wala katika hesabu ya soko.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: nani hatajwi? Leseni hutaja chombo kimoja na mwenye chombo mmoja. Haina nafasi ya mke, watoto, mpangaji, jirani aliyekaa barazani, wala wavuvi waliosimama nje ya duka wakisubiri taarifa ya habari. Kwa pwani yetu, ambako baraza ni sehemu ya nyumba na ni sehemu ya mtaa kwa wakati mmoja, ukimya huo si dosari ndogo. Ni kuwafuta karibu wote waliosikia. Wazee wa kwetu Palma, ukiwauliza habari za redio za zamani, ni nadra kuanza kwa kusema walikuwa nayo. Husema walisikiliza kwa fulani. Sarufi ya kauli hiyo inatosha kutuonyesha kasoro ya leseni: katika sentensi ya leseni kitenzi ni kumiliki, katika sentensi ya mzee kitenzi ni kusikiliza.

Mlango unaofungwa na mlango unaofunguliwa

Ni rahisi kudhani kwamba udhibiti wa redio ulikuwa ni kuzuia tu. Mfano wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, unatufundisha vingine. Huko, mwaka 1949, afisa wa habari Harry Franklin alifanikisha kutengenezwa kwa redio ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika. Ganda lake lilitokana na sufuria ya alumini, ndiyo maana ikaitwa redio ya sufuria. Iliuzwa kwa pauni 5, na betri yake kwa shilingi 25. Hapa serikali haikuogopa sikio la Mwafrika, ililitafuta. Ilitaka lielekezwe Lusaka.

Nikiiweka redio ya sufuria pembeni ya leseni, naona ni kazi moja yenye sura mbili. Leseni inasema: usisikilize bila ya sisi kujua. Sufuria inasema: sikiliza, ila utusikilize sisi. Ujerumani ya Hitler ilizitumia sura zote mbili kwa ukali wa mwisho: mwaka 1933 ilitoa redio ya bei nafuu ya wananchi, na mwaka 1939, vita vilipoanza, ikapiga marufuku kusikiliza vituo vya nje. Katika hali zote hizi swali la serikali halikuwa kama watu wanasikia vizuri. Lilikuwa wanasikia nani.

Masanduku matano kwa watu mia

Mapema katika miaka ya 1960 UNESCO ilipendekeza kiwango cha chini cha mawasiliano kwa nchi zinazoendelea. Kwa kila watu 100 ziwepo nakala 10 za magazeti ya kila siku, redio 5 na viti 2 vya sinema. Nia ilikuwa njema: kuzisukuma nchi tajiri zisaidie. Lakini tukikitazama kiwango hicho kwa jicho la mhakiki tunaona kwamba mantiki ya leseni imepanda cheo na kuwa kipimo cha dunia. Takwimu za redio zilizokusanywa na UNESCO kwa nchi nyingi zilikuwa ama idadi ya leseni zilizotolewa ama makadirio ya vyombo vilivyokuwa vikitumika. Mtu aliyesikiliza kwa jirani hakuwemo katika safu yoyote.

Kiwango hicho kina dhana iliyojificha, kwamba redio ni chombo cha nyumba moja. Hiyo ilikuwa kweli kwa kiasi fulani huko London. Huku kwetu ushahidi bora wa kuipinga ulitolewa na serikali yenyewe, ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi vya kujifunzia, wakasikiliza kipindi pamoja, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Takriban watu milioni 2 walishiriki. Kampeni nzima ilijengwa juu ya ukweli ambao kipimo cha UNESCO hakikuuona: kwamba sanduku moja lilikuwa na masikio mengi, na kwamba kusikiliza pamoja kulikuwa na nguvu ambayo kusikiliza peke yako hakuna, kwa sababu baada ya kipindi yupo wa kubishana naye.

Hivyo basi, tunapokuta katika kitabu kwamba eneo fulani lilikuwa na redio chache mno kwa kila watu 100, tusiandike haraka kwamba watu wa eneo hilo walikuwa gizani. Kinachothibitishwa na takwimu hiyo ni kwamba walikuwa na masanduku machache.

Fanon na mpaka wa hoja yake

Mwandishi aliyeandika kwa kina kuhusu redio na ukoloni ni Frantz Fanon, katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu mapinduzi ya Aljeria. Anaeleza kwamba kabla ya vita asilimia 95 ya redio zilikuwa mikononi mwa Wazungu, na kwamba Mwaljeria aliiona redio kama sauti ya mgeni ndani ya nyumba yake. Mwishoni mwa mwaka 1956, ilipotangazwa kwamba sauti ya wapigania uhuru imeanza kusikika, redio zilizokuwa madukani ziliisha katika muda wa chini ya siku 20. Wafaransa wakajibu kwa sheria: redio isiuzwe ila kwa hati ya jeshi au polisi, na betri zikaondolewa sokoni. Fanon anaonyesha pia jinsi watu wengi walivyokusanyika katika chumba kimoja huku mmoja wao akiwa ameegesha sikio kwenye chombo na kuwasimulia wenzake alichokinasa katikati ya kelele za kuvuruga matangazo.

Sehemu hii ya mwisho inaunga mkono hoja yangu kikamilifu: msikilizaji wa Fanon ni chumba kizima, si mwenye sanduku. Hata hivyo, hoja yake kuu haiwezi kuvushwa hadi Cabo Delgado bila ya kurekebishwa. Kwa Fanon, Mwaljeria hana haja na redio mpaka taifa limwite. Anaponunua redio anajiunga na taifa. Pwani yetu haikusubiri taifa. Ilikuwa tayari ina lugha inayovuka mpaka, ina dini moja na watu wa Unguja na Lamu, ina ndugu upande wa pili wa mto. Redio ilipofika ilipita katika njia ambayo majahazi yalikuwa yameikanyaga zamani.

Vilevile, sauti iliyokuja haikumwita msikilizaji kwa jina la Mmsumbiji. Sauti ya Unguja na Sauti ya Dar es Salaam, zote zilizoanza mwaka 1951, zilimsemesha kwa lugha yake bila ya kuuliza anatawaliwa na nani. Fanon anatupa msikilizaji anayeingia katika taifa kwa kupitia redio. Palma inatupa msikilizaji ambaye redio ilimkuta katika jamii pana kuliko taifa, na ambaye baadaye taifa lilimtaka achague. Hao ni watu wawili tofauti, na nadharia moja haiwatoshi.

Upepo usiojua mpaka

Tuitazame ramani. Kutoka Palma hadi Dar es Salaam, kwa njia ya anga, hakufiki kilomita 500. Kutoka Palma hadi Lourenço Marques ni zaidi ya kilomita 1,500. Na dola ya Kireno ilichelewa hapa: mpaka mwaka 1929 eneo hili liliendeshwa na kampuni binafsi, Companhia do Nyassa. Hata mpaka wenyewe ulikuwa mchanga. Kionga, kaskazini ya Palma, ilishikwa na Wajerumani tangu mwaka 1894, na Wareno hawakuichukua mpaka mwaka 1916. Watu wa Kionga walibadilishiwa serikali bila ya kuhama nyumba zao. Kwa jamii kama hiyo, leseni ya redio ilikuwa karatasi nyingine tu ya serikali iliyofika juzi.

Mwaka 1954 Kairo ilianza matangazo kwa Kiswahili, ikiwashambulia wakoloni waziwazi, na Waingereza wakalalamika sana. Tarehe 12 Januari 1964 wanamapinduzi wa Zanzibar waliiteka redio ya Raha Leo, na sauti ya John Okello ikatoka humo kwa Kiswahili. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kuanza vita Cabo Delgado tarehe 25 Septemba 1964, ilipeleka sauti yake Msumbiji kutoka Dar es Salaam hiyo hiyo, kwa Kireno na kwa lugha za Msumbiji. Redio ndogo za transista zilikuwa zimeanza kuenea. Hazikuhitaji waya wa umeme wala mlingoti juu ya paa, na ziliweza kufichwa ndani ya mfuko wa mahindi.

Hapo ndipo leseni ya kizamani ilipofikia kikomo chake. Chombo kilichokuwa samani ya sebuleni kilisajilika. Chombo cha kubebwa mkononi kilikataa kusajilika. Serikali ya kikoloni ikahamisha nguvu zake kutoka kwenye sanduku hadi kwenye sikio lenyewe: polisi wa siri, PIDE, waliwafuatilia waliosikiliza Sauti ya FRELIMO, na upande wa pili ikatengenezwa redio ya serikali kwa lugha za Waafrika, A Voz de Moçambique, ili kuwavuta wasikilizaji warudi. Hizi ni zile sura mbili tulizoziona mwanzoni, marufuku na sufuria. Tofauti ni kwamba sasa serikali yenyewe imekiri kwa vitendo kwamba wasikilizaji ni wengi kuliko wenye leseni. Usingewawinda watu ambao daftari lako linasema hawapo.

Ada iliyohamia kwenye umeme

Msomaji anaweza kusema haya ni mambo ya kale. Nenda basi Pemba au Mocímboa da Praia leo ukanunue umeme wa Credelec, ambao ni kama LUKU ya Tanzania. Katika risiti utakuta mstari wa ada ya redio. Mwenye gari naye hulipa ada ya redio kila mwaka. Leseni ya chombo imekufa kwa jina, lakini ada yake imepanda juu ya waya wa umeme na juu ya magurudumu.

Matokeo yake yanastahili kuhakikiwa. Aliyeunganishiwa umeme hulipa hata kama hana redio ndani ya nyumba. Asiye na umeme, anayesikiliza kwa betri au kwa sola kijijini, halipi kitu. Kwa upande wa haki, jambo hili si baya: fukara amesamehewa. Kwa upande wa hesabu, ukungu ni ule ule. Zamani dola ilidhani msikilizaji ni mwenye sanduku. Leo inadhani ni mwenye mita. Katika pwani ambayo watu wengi wamekimbia nyumba zao tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya tarehe 5 Oktoba 2017, mwenye mita anaweza kuwa hayuko nyumbani kabisa, na msikilizaji anaweza kuwa chini ya turubai la kambi akiwa na redio ya betri aliyoiazima.

Wakati huo huo leseni nzito zaidi imehama kutoka sikio kwenda mdomo. Mwaka 2018 Tanzania ilitaka wenye blogu na wachapishaji wengine wa mtandaoni walipe ada zilizofikia jumla ya shilingi 2,100,000, na mwaka huo huo Msumbiji ilitoa amri ya serikali, namba 40/2018, iliyoweka ada kubwa kwa vyombo vya habari na waandishi. Sababu inaeleweka. Tangu transista ilipoingia mfukoni, masikio hayafungiki. Vinywa bado vinahesabika.

Utetezi wa leseni na jibu lake

Haitakuwa haki kuhakiki bila ya kuusikia upande wa pili. Mtetezi wa leseni atasema mambo matatu. Kwanza, fedha ya msikilizaji inaweza kumpa mtangazaji uhuru: anayelipwa na wasikilizaji halazimiki kumpigia magoti mfanyabiashara. Pili, bila ya usajili hewa ingekuwa vurugu, kila mtu akirusha na kuvuruga atakavyo. Tatu, bila ya madaftari ya leseni tusingekuwa na takwimu hata kidogo, na takwimu pungufu ni bora kuliko kukosa kabisa.

La kwanza nalikubali kwa mahali ambapo mlipaji anayo sauti juu ya anachokilipia. Katika koloni hakuwa nayo. La pili linahusu mitambo ya kurushia, si vyombo vya kupokelea. Redio inayopokea haivurugi upepo wa mtu. La tatu ndilo linalotuhusu sisi wanafunzi zaidi, na jibu langu ni kwamba tatizo halimo katika takwimu bali katika jina tunaloipa. Tukiiita idadi ya vyombo vilivyolipiwa, inafaa sana. Tukiiita idadi ya wasikilizaji, tumedanganya kwa kutumia ukweli.

Kiswahili kisicho na leseni

Sasa nirudi kwenye jambo nililoliahidi. Sensa za Msumbiji huuliza lugha ambayo mtu alijifunza kuizungumza kwanza, lugha anayoitumia zaidi nyumbani, na kama anajua Kireno. Ni maswali ya maana. Lakini fikiria mwanamke wa Palma aliyeanza kwa Kimwani na anayetumia Kimwani nyumbani. Sokoni anapatana bei kwa Kiswahili, kwa ndugu zake wa Mtwara anapiga simu kwa Kiswahili, na redio ya ng'ambo anaisikiliza kwa Kiswahili. Katika sensa Kiswahili chake hakipo. Kadhalika jirani yake aliyezaliwa katika Kimakonde. Kiswahili kinabaki na wale wachache tu ambao kwao ni lugha ya kwanza, kisha mtu anaitazama idadi hiyo ndogo na kusema kwamba Kiswahili Msumbiji ni lugha ya watu wachache wa mpakani.

Ni mantiki ya leseni ile ile. Leseni iliuliza: nani anamiliki? Haikuuliza: nani anasikia? Sensa inauliza: lugha ya nani? Haiulizi: lugha hii inafanya kazi gani, na baina ya nani na nani? Lugha ya pili au ya tatu, ile inayounganisha watu wenye lugha za kwanza tofauti, ni kama redio ya barazani. Ina mwenye nyumba mmoja na wasikilizaji wengi, na hesabu inamuona mwenye nyumba tu.

Jambo hili lina uzito wa kisera. Agosti 2019 SADC ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, na Msumbiji ni mwanachama. Itakapofika wakati wa kuamua kama Kiswahili kifundishwe katika shule za Cabo Delgado, au kama watu waliokimbia vita wapewe taarifa za afya na usalama kwa Kiswahili pia, watu watafungua jedwali la sensa. Wakikuta namba ndogo, mjadala utafungwa hapo hapo. Wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kuwa tayari kueleza namba hiyo imehesabu nini na imeacha nini.

Hitimisho

Insha hii imeisoma leseni ya redio kama matini, ikaona kwamba inamsemesha mwenye mali na kumnyamazia msikilizaji. Imeonyesha kwamba kipimo cha UNESCO kiliubeba ukimya huo, kwamba nadharia ya Fanon inatufaa katika usikilizaji wa pamoja lakini haitutoshi kwa pwani iliyokuwa na lugha ya kuvuka mpaka kabla ya taifa, na kwamba kosa hilo hilo la kuhesabu linakipunguza Kiswahili cha Msumbiji leo.

Kinachobaki ni kazi ya utafiti, nayo haihitaji fedha nyingi. Waliokaa barazani kwa watu miaka ya 1950 na 1960 wachache bado wako hai. Wengi wao vita vimewatoa Palma, Mocímboa da Praia, Macomia na Quissanga, wako Pemba, Metuge na Nampula kwa ndugu au kambini. Kila mmoja anaweza kuulizwa maswali machache: redio ilikuwa ya nani, mlikaa wangapi, mlisikiliza kituo gani, kwa lugha gani, nani alimfasiria nani, na ilizimwa wakati gani na kwa nini. Majibu hayo yakikusanywa kwa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili tutapata jedwali la pili la kuweka kando ya jedwali la leseni. Tukichelewa miaka kumi, lile la leseni litabaki shahidi pekee, na wajukuu wetu watalisoma kama tulivyolisoma sisi: kwamba katika pwani hii hapakuwa na mtu aliyesikia kitu.